Vumbi na Daftari: Mhadhara juu ya Asbesto na Mapafu ya Wafanyakazi



Nilipoalikwa kuja kusema nanyi jioni hii juu ya maradhi yatokanayo na kazi, nilikuwa na mengi ya kuchagua, kwani hapana kazi ya mikono isiyokuwa na madhara yake, na mtu aliyekaa miaka mingi akisikiliza vifua vya wafanyakazi hakosi la kusimulia. Walakini nimechagua jambo moja tu, nalo ni jiwe liitwalo asbesto, na sababu ya kulichagua ni mtu mmoja niliyemkuta juu ya paa.

Lilikuwa paa la shule ya zamani, mojawapo ya majengo yale yaliyoezekwa kwa mabati mazito ya kijivu, yaliyofanywa kwa simenti iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, ambayo hata leo yangaliko juu ya madarasa, hospitali, maghala na nyumba za wafanyakazi wa reli katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Fundi alikuwa ameketi kitako juu ya boriti, nyundo mkononi, akiyavunja mabati hayo pale pale yalipopigiliwa, maana misumari ilikuwa imeshika kutu, na kuing'oa mmoja mmoja ingekuwa kazi ya siku mbili. Na kila pigo lilipotua, moshi mweupe mwembamba ulipanda ukamzunguka uso, kisha ukatawanyika kwa upepo wa pwani. Nyusi zake zilikuwa nyeupe, na kope zake nyeupe, na shati lake la buluu limegeuka rangi ya majivu. Chini yake watoto walikuwa wakiokota vipande na kuchora mistari ya mchezo sakafuni, kwa kuwa kipande cha bati lile huandika mfano wa chaki. Nikamwamkia, nikamwomba ashuke tusemezane. Alishuka kwa adabu, akajipangusa mikono, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia kwa upole, "Daktari, hii ni chokaa tu. Marehemu baba alifanya kazi hii, na mimi naifanya tangu ujana wangu, na kifua changu hakijanisumbua hata siku moja."

Sikumwona kuwa ni mjinga, na wala sitaki mmoja wenu amwone hivyo. Alisema kama macho yake yalivyomwonyesha, na macho yake hayakumdanganya: aliyevunja mabati leo jioni atakula chakula chake vizuri, atalala, ataamka, atarudi kazini. Sumu imwuayo mtu siku ile ile kila mtu huikimbia, na nyoka hahitaji mhadhara; lakini vumbi hili humngojea mtu miaka 20, na miaka 30, na pengine 40, hata siku litakapodai haki yake, kiwanda kimekwisha fungwa, msimamizi amekufa, na mgonjwa mwenyewe hakumbuki tena jina la ile kazi aliyoifanya miezi tisa alipokuwa kijana. Muda huo mrefu baina ya pumzi na ugonjwa ndio nitakaousemea usiku huu, kwa sababu naamini kwamba dhuluma yote iliyofanywa kwa jiwe hili imepita katika mlango huo.

Jiwe lenyewe ni la ajabu. Ukilipiga halimeguki kama kokoto, bali hufumuka likawa nyuzi, laini kama pamba mbichi, na nyuzi zile huweza kuchambuliwa, kusokotwa na kufumwa nguo isiyoungua. Wayunani walilipa jina lenye maana ya kitu kisichozimika. Waarabu wakaliita hajar al-fatila, yaani jiwe la utambi, kwa kuwa zilisokotwa humo tambi za taa ambazo mafuta yaliwaka juu yake zenyewe zisiteketee. Na Marco Polo, aliyesafiri nchi za mashariki katika karne ya 13, aliwakanusha watu waliodhani kwamba nguo ile hutokana na mnyama akaaye motoni, akaeleza kwamba hutoka mlimani na hufumwa kama nguo nyingine. Kwa muda wa karne nyingi ikawa ni tunu ya wafalme na kioja cha wasafiri. Ilipokuja zama ya mitambo ya mvuke, ndipo tunu ilipogeuka bidhaa: mabomba yakavikwa asbesto ili joto lisipotee, meli zikajazwa, breki za magari zikafanywa kwayo, na ikachanganywa na simenti kuwa mabati na mabomba ya maji. Iko ya rangi ya buluu, iko ya kahawia, na iko nyeupe ambayo ndiyo iliyotumika zaidi ulimwenguni. Na kwa kuwa wako wafanyabiashara waliojaribu kuitetea ile nyeupe kana kwamba ni nduguye mwema, yafaa niseme wazi kwamba matabibu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamezihesabu zote, bila ya kuibakisha hata moja, katika vitu vinavyojulikana kwa yakini kuleta saratani kwa binadamu.

Sasa tuingie ndani ya kifua. Vumbi la kawaida la barabarani aghalabu hunaswa puani na kooni, na litakalopita hushikwa na makamasi ya njia za hewa likapandishwa juu, mtu akalitema. Uzi wa asbesto ni mwembamba mno. Unywele mmoja wa mwanadamu una unene wa mamia ya nyuzi hizi zikilazwa pamoja, na kwa wembamba wake huteleza na hewa hata vifuko vya mwisho vya mapafu, pale ambapo damu hukutana na pumzi. Huko ziko chembe za mwili zilizo mfano wa walinzi, ambazo kazi yake ni kumeza kila kilichoingia bila ya ruhusa. Mlinzi huja, huushika uzi upande mmoja, hujaribu kuumeza, na uzi ni mrefu kuliko yeye, basi hutoboka. Na katika kutoboka kwake humwaga maji makali yaliyokusudiwa kumwunguza adui, yakaunguza nyama ya pafu. Huja wa pili, na wa tatu. Uzi hauozi. Kila jeraha hufungwa kwa kovu, na kovu juu ya kovu, hata pafu lililokuwa laini kama sponji likawa gumu lisilotanuka, na ugonjwa huo ndio uitwao asbestosi. Mgonjwa huanza kutweta akipanda ngazi, kisha akitembea tambarare, kisha akivaa shati. Kikohozi chake ni kikavu. Ncha za vidole vyake huvimba. Na ukiweka chombo cha kusikilizia mgongoni, chini ya mbavu, mwisho wa kila pumzi utasikia mlio mdogo kama wa nywele zikisuguliwa baina ya vidole karibu na sikio. Mimi nimeusikia, na ukishausikia mara moja hutausahau.

Mbali na makovu iko saratani ya pafu, na iko saratani nyingine ya utando ulioyafunika mapafu, iitwayo mesotelioma, ambayo asbesto ndiyo sababu yake kubwa, na ambayo wengi wanaopatikana nayo hawaoni mwaka wa pili. Hapana dawa ya kuyatoa makovu. Nimeulizwa mara nyingi juu ya maziwa, kwani katika viwanda vyetu vingi ni desturi kuwapa wafanyakazi wa vumbi maziwa wanywe, kwa itikadi kwamba husafisha kifua. Maziwa ni chakula chema, nami simnyimi mtu maziwa, ila njia ya maziwa ni ya tumbo na njia ya vumbi ni ya mapafu, na hazikutani. Na mwajiri anayetoa maziwa badala ya kuzuia vumbi hakutoa kitu. Kuhusu sigara nina neno moja zito. Uchunguzi uliofanywa Marekani na Irving Selikoff na wenzake kwa mafundi wa kuvika mabomba, uliotangazwa mwaka 1979, ulionyesha kwamba mtu aliyevuta vumbi pasipo sigara alikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya pafu mara 5 hivi kuliko mtu aliyeepukana na vyote viwili, mvuta sigara asiyeguswa na vumbi mara 11 hivi, na aliyekutanisha yote mawili zaidi ya mara 50. Viwili hivi havijumlishwi; huzidishana.

Mtu akisikia haya hudhani kwamba ni elimu ya juzi. Hapo nataka nikae kidogo, kwa maana elimu hii ina umri mkubwa kuliko kila mtu aliyemo ukumbini.

Mwaka 1898 mwanamke Mwingereza, Lucy Deane, mmoja wa wakaguzi wa kwanza wa kike wa viwanda nchini mwake, aliandika katika taarifa yake kwa serikali kwamba vumbi la asbesto lilipotazamwa kwa darubini lilionekana kuwa na ncha kali mfano wa vigae vya kioo, na kwamba lilipoachwa kuelea chumbani lilikwisha onekana kudhuru. Mwaka uliofuata mtu wa miaka 33 akaenda katika hospitali ya Charing Cross, London, akitweta. Tabibu wake, Montague Murray, alimwuliza kazi yake, naye akajibu kwamba alifanya kazi miaka kumi katika chumba cha kuchambulia nyuzi za asbesto, na ya kwamba walikuwa watu kumi katika chumba kile, na wale tisa wote wamekwisha kufa, naye ndiye aliyesalia. Akafa mwaka 1900. Miaka sita baadaye Murray aliitwa mbele ya kamati ya serikali iliyokuwa ikichagua maradhi ya kazi yatakayostahili fidia, akawasimulia habari za watu wale kumi, na kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu akakiri kwamba juu ya wale tisa hana ushahidi ila neno la mgonjwa wake. Kamati haikuitia asbesto katika orodha.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Watu tisa walikufa, kila mmoja alikuwa na jina, na mama, na siku ya malipo ambayo karani alimwandika ujira wake. Daftari la ujira lilikuwako, hata senti haikupotea humo, lakini hapakuwa na daftari la kifo wala la kifua. Mtu wa kumi akawa yeye peke yake ndiye daftari, na alipofungwa yeye, kesi ya wenzake ikafungwa.

Miaka ikapita. Huko Rochdale, kaskazini ya Uingereza, mwanamke aliyeitwa Nellie Kershaw alikuwa akisokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Turner Brothers. Alipozidiwa hata asiweze kazi, tabibu wake aliandika katika cheti kwamba ana sumu ya asbesto, na cheti hicho kikamtia katika shida isiyo kifani, kwa kuwa ugonjwa huo haukuwa na jina katika sheria: bima ya maradhi ilimwambia kwamba ugonjwa wake ni wa kazi, basi aende kwa mwajiri, na mwajiri akasema hakuna ugonjwa kama huo, na hakutaka kulipa hata kidogo kwa kuchelea kufungua mlango kwa wengine. Alikufa mwezi wa Machi mwaka 1924, umri wake miaka 33, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Lakini tofauti na wale tisa, mapafu yake yalifika mbele ya tabibu mchunguzi, William Cooke, ambaye aliyatazama kwa darubini, akayaona makovu, akaziona chembe za jiwe zimo ndani yake, akazilinganisha na vumbi la asbesto, akaandika katika jarida la matabibu wa Uingereza mwaka ule ule. Na mwaka 1927 akaupa ugonjwa jina ambalo tunalitumia hata leo. Baadaye imekuja kujulikana kwamba mwili wenyewe huzivika baadhi ya nyuzi hizo koti la chuma litokalo katika damu, zikawa rangi ya dhahabu, mfano wa vijiti vyenye vifundo ncha zote mbili, na hukaa hivyo pafuni mpaka mtu afe na baada ya kufa kwake. Hilo ndilo daftari ambalo hapana mwajiri awezaye kulichoma. Msiba ni kwamba aghalabu husomwa baada ya mwenyewe kuzikwa.

Serikali ya Uingereza iliamka. Wakaguzi wake wa viwanda, Merewether na Price, walipima wafanyakazi 363 wa viwanda vya asbesto, wakawaona 95 wana makovu ya mapafu, na taarifa yao ikatoka mwaka 1930. Mwaka wa pili wake zikatungwa kanuni za kulivuta vumbi kwa mashine na kuwapima watu. Kanuni hizo zilisaidia waliomo viwandani, lakini hazikumfikia fundi wa melini aliyechanganya unga wa asbesto kwa mikono yake katika pipa na kuupaka juu ya mabomba, wala seremala aliyefanya kazi kando yake, na ikaja vita kuu ya pili ambayo iliwatia mamilioni ya watu katika karakana za meli. Mwaka 1955 tabibu Richard Doll alihesabu vifo vya wafanyakazi wa kiwanda kimoja, akathibitisha kwamba waliokaa vumbini miaka 20 na zaidi walikufa kwa saratani ya pafu kiasi cha mara kumi kuliko watu wengine. Uingereza ilizipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Tangu taarifa ya Bibi Deane hata marufuku ya mwisho ni miaka 101.

Ikiwa hayo ndiyo yaliyotokea penye bunge, magazeti na vyama vya wafanyakazi, tazameni yaliyotokea ambapo mfanyakazi hakuwa hata na haki ya kura.

Asbesto ya buluu ilichimbwa kaskazini ya jimbo la Cape, Afrika Kusini, katika vilima vya Prieska na Kuruman, na ya kahawia huko Penge katika Transvaal. Wanaume walichimba, wanawake waliketi chini juani na nyundo ndogo, wakiyagonga mawe kuzitenga nyuzi na mwamba, na watoto wao wachanga wamewaweka ubavuni, katika vumbi lile lile, kwa kuwa malipo yalikuwa ya uzito wa nyuzi na mama hakuwa na pengine pa kumweka mtoto. Mwaka 1949 tabibu wa serikali, Gerrit Schepers, alifika Penge, akawaona watoto wadogo wametiwa ndani ya magunia makubwa, wanazikanyaga nyuzi zilizokuwa zikimwagwa juu ya vichwa vyao mchana kutwa, ili gunia lipate kushiba, na msimamizi amesimama juu yao ana mjeledi. Naye alipowapiga picha za kifua aliwakuta baadhi yao wana asbestosi kabla ya kutimiza miaka 12. Makapi ya machimbo yalifanyiwa barabara, yalichanganywa katika lipu za nyumba na shule, na upepo wa nchi ile kavu ukayachukua kila siku.

Katika Kimberley walikuwako wagonjwa waliotibiwa kifua kikuu wasipate nafuu, utando wa mapafu yao umevimba kwa namna ambayo kifua kikuu hakifanyi. Matabibu Wagner, Sleggs na Marchand waliwakusanya wagonjwa 33 wenye mesotelioma, na kazi waliyoifanya, mabwana, ni kazi ya karani zaidi ya kazi ya tabibu: walimwuliza kila mmoja, au jamaa zake ikiwa amekwisha kufa, alizaliwa wapi, alikulia wapi, alichezea wapi utotoni. Wote, isipokuwa mmoja, walipatikana kuwa waliwahi kufikiwa na asbesto ya buluu ya Cape, na wengi wao hawakuwa wachimbaji kabisa; walikuwa watu waliokaa tu jirani ya machimbo, tena zamani, wakahama, wakasahau. Makala yao yalitoka mwaka 1960. Miaka mitano baadaye, huko London, wachunguzi Newhouse na Thompson walifuata njia ile ile kwa wagonjwa 76, wakawakuta miongoni mwao wanawake ambao hawakukanyaga kiwandani maisha yao yote, ila walikuwa wakifua nguo za kazi za waume zao. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka fundi wangu na shati lake la rangi ya majivu, na nikajiuliza ni nani atakayelikung'uta uani jioni ile.

Watu wa Prieska na Penge walingoja hata mwisho wa ubaguzi. Mwaka 1997 walianza kuishtaki kampuni ya Cape, iliyoyamiliki machimbo yao, huko London, ambako ndiko yalikokuwa makao yake, na kwa miaka mitatu mabishano hayakuwa juu ya vumbi hata kidogo, bali juu ya mahakama ipi iwasikilize. Ndipo mwezi wa Julai mwaka 2000 mabwana wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza walipoamua kwamba London ni lazima iwasikilize, kwa sababu kwao wasingepata mawakili wa kuwatetea wala fedha za kuwalipa. Wadai walifika kama 7,500. Kampuni iliahidi pauni milioni 21, ikashindwa kutimiza, na mwaka 2003 ikalipa milioni 7 na nusu, nayo ni kiasi cha pauni elfu moja kwa kila kifua, na wengi walikuwa wamekufa wakingoja. Mwaka ule ule kukaundwa nchini mwao amana ya kuwalipa wagonjwa wa machimbo mengine, na katika kazi hiyo swali lilikuwa lile lile kwa kila mzee aliyefika: ulifanya kazi wapi, mwaka gani, na nani ajuaye? Mwenye kijikaratasi cha kazi alijibu upesi. Asiyekuwa nacho alilazimika kutafuta wenzake walio hai waje wamshuhudie.

Basi nirudi kwetu. Kenya ilikwisha iandika asbesto miongoni mwa taka za hatari katika kanuni zake za mwaka 2006, na serikali za kanda hii zimeelewa hatari iliyoko. Walakini amri ya kuondoa paa huwa ni mwanzo wa vumbi ikiwa mwenye kuliondoa hakufundishwa. Bati zima lililotulia mahali pake halimwui mtu kwa kutazamwa, na ni heri kuliacha, kulipaka rangi, bila ya kulisugua kwa brashi ya waya, kuliko kulivunja ovyo. Likiwa ni lazima liondoke, lilowanishwe kwanza kwa maji yaliyotiwa sabuni kidogo, na liendelee kulowanishwa kazi ikiendelea; misumari ikatwe kwa koleo, bati lisipigwe nyundo wala msumeno; literemshwe kwa kamba, lisitupwe; lifungwe mara mbili katika nailoni nzito, liandikwe ni nini, na lipelekwe kuzikwa mahali palipoidhinishwa na wenye mamlaka ya mazingira, si kujazia mashimo ya barabara wala kuezekea banda la kuku. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi hizi, na barakoa za karatasi za dukani hazizuii. Hutakiwa barakoa ya mpira yenye chujio lililokusudiwa, iliyoshikamana na uso. Makanika wetu nao wasipulize ngoma za breki kwa upepo wa kompresa, bali wazifute kwa kitambaa kibichi. Na nguo za kazi zibaki kazini, zifuliwe huko kwa gharama ya mwajiri, mtu akoge kabla ya kumkumbatia mwanawe.

Siku ile, baada ya kusema na fundi, nilimwomba anionyeshe mahesabu yake. Akatoa katika mfuko wa suruali daftari la shule lililokunjwa katikati, limeandikwa kwa kalamu ya risasi: mlango wa fulani, madirisha mawili, amelipa nusu, mabati ya ghala, siku sita, hajalipa. Ilikuwa ni taarikhi ya kazi yake ya miaka kadha wa kadha, na mwandiko wake mzuri. Nikamwambia, ndugu yangu, umekwisha fanya nusu ya kazi ninayoitaka. Umeandika nani anayekudai na nani unayemdai, lakini hukuandika umevuta nini. Akacheka kidogo, akaniazima kalamu yake, nami nikamchorea safu moja zaidi.

Haya ninayoyataka hayahitaji bunge. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani juu ya asbesto, wa mwaka 1986, wataka hewa ya kazini ipimwe na kumbukumbu ziwekwe, na wafanyakazi wapate kuzisoma. Uingereza sheria yalazimisha kumbukumbu za siha za watu wa asbesto zitunzwe miaka 40. Kila mwenye karakana, kila mkandarasi, kila chama cha mafundi na aweke daftari: jina la mtu kama lilivyo katika kitambulisho chake, mahali pa kazi, bati au bomba au breki, siku alizoingia na siku alizotoka, maji yalitumika au hayakutumika, barakoa ilikuwako au haikuwako. Atakapokwenda hospitali akikohoa, daftari hilo liende naye, ili tabibu kijana asiyewahi kuusikia mlio ule wa nywele asimpe dawa za kifua kikuu mwaka mzima. Liandikwe nakala mbili. Ya kwanza ikae kwa mwajiri muda wa miaka 40, na ya pili aichukue mfanyakazi nyumbani, aiweke pamoja na hati ya ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mkewe ajue ilipo.